Kufuli Lilikuwa kwa Nje

Kama unasoma haya na nyumbani kwako kuna mgonjwa, weka chini kwanza, nenda ukamwangalie. Usimuulize homa wala kama amekula. Muulize anajua nini kuhusu siku ya leo: nani amekuja, redio imesema nini, kwa nini watu wanafunga mizigo. Mimi nitakungoja hapa. Kungoja nimeshazoea.

Jina langu ni Sifa. Nashona nguo, na naishi Goma, katika vichochoro vya Birere, ambako mtu akikohoa usiku jirani wa tatu anajua asubuhi. Nimeugua kifua kikuu mara mbili. Cha kwanza kilitibiwa kwa vidonge. Mkojo ukawa rangi ya soda ya machungwa, nikanenepa, tukashukuru. Cha pili kilirudi na hasira. Daktari alisema ni kile sugu, ambacho dawa za kawaida hazikiwezi, na kwamba safari hii tutaingia kwenye sindano. Mambo ya wadudu na mapafu waulize waliosomea. Mimi nitakueleza sindano zilinifanya nini, na namna nilivyofungiwa ndani ya kiwanja changu siku mji ulipoambiwa ukimbie.

Sindano zilianza na mvua za kwanza. Kila asubuhi moja, leo kulia, kesho kushoto. Baada ya wiki chache hakukuwa tena na mahali pa kuchoma, na muuguzi alikuwa akinibonyeza-bonyeza kama mama anayechagua kuku sokoni. Nilikuwa nikikaa upande mmoja wa matako, kisha mwingine, kisha nasimama. Vidonge navyo vilinitapisha mpaka nikachukia harufu ya kikombe. Halafu ngozi ikageuka. Kuna kidonge kimoja kinachomfanya mtu kuwa mweusi, uso kwanza, kisha mikono, weusi wa kahawia iliyoungua. Wifi yangu Nadine aliniangalia siku moja nikianika nguo, akacheka.

"Wengine beko nanunua mukorogo juu bakuwe beupe, weye uko narudi nyuma!"

Siku ile nilikuwa bado nasikia, kwa hiyo nilimsikia vizuri. Nadine alikuwa amemaliza shule na anangoja kazi. Tulikaa wanne kwenye kiwanja kile: mimi, mume wangu Deo, mama yake, na huyo Nadine. Wao ni Wakatoliki wa upande wa Bukavu, watu wa misa ya kwanza na shati lililopigwa pasi. Deo ni karani wa wakala wa forodha pale mpakani. Mama yangu mzazi yuko Rutshuru, na barabara ya huko wakati ule ilikuwa ya bunduki. Kwa hiyo nilikuwa mgonjwa wa ukoo wa mume, na wewe kama ni mwanamke wa huku unajua maana yake.

Kwenye kituo cha afya tulikuwa tunangoja chini ya hema la plastiki, kwenye mabenchi yaliyopangwa mbalimbali ili tusipumuliane. Chini ni changarawe nyeusi ya mlima wa moto, inayokula viatu. Kila mgonjwa alikuja na kikombe chake cha kunywea vidonge, anakiweka mezani kwa foleni, kikombe kinamngojea zamu yake. Changu kilikuwa chekundu. Aliyetusimamia pale ni Papa Jérôme, mzee aliyekuwa amepona ugonjwa huohuo na kubaki kituoni kuwasaidia wengine. Alikuwa na mwendo wa kuburuza mguu na mzaha wa kila asubuhi: "Nani leo anakataa kufa? Akuje mbele."

Masikio yalianza na filimbi. Filimbi nyembamba, haikomi, hata ukila, hata ukisali. Nilimwambia muuguzi.

"Ni dawa," alisema. "Vumilia, Mama Sifa. Kwanza mapafu."

"Na maskio?"

Alisimama na sindano mkononi. "Kati ya kusikia na kupumua, weye ungechagua nini?"

Swali zuri. Ila aliniuliza wakati uchaguzi umeshafanyika na nusu yake iko tayari ndani ya mwili wangu. Sina ugomvi naye. Dawa nyingine haikuwepo siku zile, na leo nimeambiwa wengi wanatibiwa kwa vidonge peke yake. Namfurahia kila anayeponea hapo. Lakini nina wivu, na siufichi.

Nilijua nimekwisha siku nilipokaa kwenye cherehani na kufikiri, ajabu, fundi ameitia mafuta vizuri, haipigi kelele kabisa. Nilikanyaga, sindano ikapanda na kushuka, kitambaa kikaenda, na chini ya mguu nilisikia mtetemo uleule wa siku zote. Sauti tu ndiyo haikuwepo. Nikaita "Deo!" na sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Kilichobaki ni filimbi.

Wiki za kwanza walijitahidi, nisiwaonee. Nilikuwa na kipande cha kitambaa cheusi cha suti na chaki za kushonea, na Deo alikuwa akiniandikia jioni mistari mirefu: nani alipita, bosi alisema nini, padri alihubiri nini. Kisha mistari ikawa mifupi. Kisha neno moja. Kisha ikawa mkono tu, unaopunga hewani kama anafukuza nzi. Wanakaa mezani, wanacheka mpaka mama mkwe anafuta machozi, nauliza, "Mumesema nini?" Na midomo yote mitatu inanijibu neno lilelile, ambalo ndilo neno la kwanza nililojifunza kusoma kwenye midomo ya watu.

"Haiko kitu."

Nikiongea, mama mkwe anaweka kidole mdomoni na kuonyesha ukuta wa jirani: napiga kelele mno, naaibisha nyumba. Nikapunguza. Nikapunguza tena. Mwishowe nikawa nasema asubuhi na jioni tu, na mengine nameza.

Kituoni nako nilipoteza zamu mara kadhaa, kwa sababu waliita majina na mimi nimekaa naangalia changarawe. Papa Jérôme akagundua. Kesho yake, zamu yangu ilipofika, aliinua kikombe chekundu juu ya kichwa chake, akakitikisa, wagonjwa wote wakanigeukia wakicheka. Tangu siku hiyo alikiinua kila asubuhi. Nakuambia ukweli, katika miezi ile kikombe hicho ndicho kilichonifanya niamke na kwenda.

Simu waliichukua wakati wa kiangazi kifupi, baada ya Noeli. Ya Nadine ilikuwa imevunjika kioo. Alikuja akiwa ameshaishika yangu, akamwambia kaka yake mbele yangu, polepole, labda ili nami nipate heshima ya kusoma:

"Kiziwi na simu, ni vya nini?"

Deo alinitazama, akainua mabega. Nilimwambia kwamba simu ina maandishi, na kwamba mimi sasa ndiye mwenye kuyahitaji kuliko wote waliomo humu. Mama mkwe akaweka kidole mdomoni. Nadine akaondoka na simu yangu na namba yangu ndani yake, ile ambayo kituo walikuwa nayo. Kama unatunza mtu asiyesikia na ukabeba simu yake, fahamu umembebea sikio la mwisho.

Sindano ziliisha masika yalipokaribia, vikabaki vidonge. Makohozi yangu yalikuwa safi kwenye vipimo vitatu mfululizo. Daktari aliniandikia kwa herufi kubwa kwamba siambukizi mtu tena, barakoa naweza kuitupa. Nilimwonyesha mama mkwe. Hasomi. Deo alimsomea, mama akatikisa kichwa. Nikaendelea kuvaa barakoa ndani ya nyumba yangu, kwa ajili ya imani yake.

Ndipo mlima ukafunguka.

Jioni ile sikuhitaji kuambiwa. Mbingu upande wa kaskazini ilikuwa nyekundu mpaka ungeweza kutunga uzi kwenye sindano. Tulikaa nje na mabegi miguuni, moto ukashuka mpaka upande wa Munigi, ukala nyumba za watu, ukasimama. Asubuhi waliokuwa wamekimbia walirudi, nasi hatukuwa tumetoka. Lakini ardhi haikutulia. Siku zilizofuata ilitetemeka asubuhi na mchana, na mimi nilikuwa wa kwanza kujua kila mara. Naweka mguu kwenye pedali ya cherehani, nasikia kitu kinakuja kutoka chini, nasema "Inakuja," na mara vikombe vinaanza kucheza mezani. Nadine alianza kuniogopa. Mama mkwe alinifanyia ishara ya msalaba.

Asubuhi ninayotaka kukueleza, Deo alikuwa amebana redio sikioni kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda na rozari, midomo yake inakimbia. Nadine alikuwa akikunja godoro na kulifunga kwa kitenge. Mimi nilikuwa nimemeza vidonge vya asubuhi, vile vinavyoangusha mtu kama pombe, na nilikuwa nimeegemea mlango.

"Kuna nini?" niliuliza.

Deo aliinua kiganja: ngoja. Nikangoja. Walizungumza muda mrefu, vichwa vikiwa pamoja. Niliona "Sake", mji wa jirani, kwenye midomo. Niliona "moto", na sikujua kama ni moto wa kuchoma au ni pikipiki ya kupanda. Nikauliza tena, na safari hii nilipiga kelele, najua, kwa sababu mama mkwe aliinua kidole. Nadine akanijia, akanishika mabega, akanigeuza kuelekea kitandani. Nilisoma midomo yake vizuri.

"Haiko kitu. Lala."

Nikalala. Ni dawa, lakini pia ni mazoea. Ukizoeshwa miezi kwamba hakuna kitu, siku kikiwapo kitu unalala.

Nilipoamka, chumba kilikuwa na mwanga usio wa asubuhi. Nikaenda sebuleni: redio haipo, godoro halipo, picha ya Bikira Maria haipo, imebaki alama nyeupe ukutani. Nje, mbabula, jiko letu, ilikuwa na makaa bado yana joto, na juu yake sufuria ya ugali, umefunikwa, wa mtu mmoja. Nilitazama sufuria ile nikaelewa kwamba walinifikiria. Mpaka leo ndiyo inayoniuma zaidi. Wangenisahau, ningesamehe.

Nikaenda kwenye lango. Lango letu ni la bati nene, na ukuta ni wa mawe ya mlima, juu umepandwa chupa zilizovunjwa. Nikasukuma. Likaenda kidogo likagoma. Nikaingiza vidole kwenye uwazi, nikagusa mnyororo, nikafuata mnyororo mpaka nikakuta kufuli. Lilikuwa kwa nje.

Lazima ujue desturi yetu ili usidhani walikuwa wachawi. Goma, mtu akikimbia, cha kwanza ni kufuli. Mji huu umekimbiwa mara nyingi, kwa sababu ya moto na kwa sababu ya bunduki, na kila mara wanaotangulia kurudi ni wezi. Kufuli kwa nje maana yake ni: wenyewe wameondoka, mali iko ndani. Kila mtu anaisoma hivyo.

Nilipiga bati kwa ngumi. Nikachukua jiwe nikapiga kwa jiwe. Nikaita Deo, nikaita mama, nikaita majirani kwa majina, mama wa maandazi, fundi wa redio, wote. Sijui kama umewahi kupiga kelele bila kujisikia. Koo linauma, kifua kinawaka, na duniani hakuna kilichobadilika. Unasimama kupumzika na hujui kama mtu amejibu. Pengine kuna mtu anauliza, "Ni nani?" na wewe unamkatiza kwa kelele zako. Kwa hiyo nilikuwa napiga, kisha naweka kiganja kwenye bati kuona kama linatetemeka kwa mkono wa mwingine. Lilitetemeka mara moja. Nikapiga kwa nguvu zote, lakini ilikuwa ardhi.

Kukwea ukuta sikuweza. Mikono yangu wakati ule ilikuwa haiwezi kuinua ndoo. Nikarudi ndani, nikakusanya vidonge vyangu, vile vya siku kadhaa tulivyopewa kwa sababu ya matetemeko, nikavitia kwenye mfuko na kujifunga kiunoni. Hivyo tu ndivyo vilivyokuwa uhai wangu. Nikivikosa, narudi mwanzo, na mwanzo wangu una sindano. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani, mguu kwenye pedali, na ardhi ikanitetemesha. Nililia, halafu nikala ugali wao. Njaa haina aibu.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinatokea upande wa pili wa bati, maana nilikijua baadaye. Kituo kilikuwa kimetafuta gari la kuwatoa wagonjwa wasioweza kutembea na sisi wa dawa za miezi mingi. Walituma ujumbe kwa kila mgonjwa. Wangu ulikwenda kwenye simu yangu, ndani ya mkoba wa Nadine, aliyekuwa amekaa kwenye pikipiki nyuma ya godoro, njiani kwenda Sake. Akausoma. Akajibu. Papa Jérôme hakuridhika na jibu lile, akamwambia dereva apite Birere hata hivyo. Gari likasimama mbele ya lango langu. Mimi nilikuwa ndani, hatua chache tu, mguu kwenye pedali.

"Nilipiga klaksoni," aliniambia baadaye kituoni, akisema polepole, uso wake karibu na wangu. "Nikapiga tena. Nikaangalia, nikaona kadena iko kwa inje. Nikasema, bon, kweli balienda."

"Papa Jérôme," nikamwambia, "ulipiga honi?"

Mtu aliyeinua kikombe kila asubuhi kwa ajili yangu. Siku ile gari lilikuwa limejaa watu wanaolia, vumbi, dereva anagombana, na mkono wake ukaenda kwenye honi kama mkono wa mtu yeyote. Kikombe chekundu alikuwa nacho garini, kwenye sanduku la dawa. Alikaa chini kwenye changarawe akalia mbele ya wagonjwa.

Aliyenitoa ni mwizi.

Alikuja kivuli kikiwa kimeanza kurefuka. Niliona lango linacheza, nikafikiri ni Deo, nikakimbia. Likafunguka, akaingia mwanamume wa makamo, koti la mvua la kijani, chuma mkononi. Aliponiona aliruka. Aliona barakoa, akarudi nyuma hatua. Nikamwambia, kwa sauti ambayo naamini ilifika Rwanda:

"Mimi sisikii! Niambie kuna nini!"

Akasema kitu. Nikatikisa kichwa. Akasema tena, mdomo mkubwa, akaonyesha mlima. Nikatikisa kichwa, nikaonyesha chaki kwenye meza ya cherehani. Na mtu yule, ambaye alikuwa na haraka kuliko mtu yeyote mjini, aliweka chuma chini, akaingia ndani, akachukua chaki, akaenda ukutani, pale penye alama ya Bikira Maria, akaandika vizuri, herufi moja moja:

MOTO UKO CHINI YA MUJI. BALISEMA WATU BATOKE. BOTE BALITOKA.

"Wote?" nikauliza.

Akafikiri. Akaongeza: HATA POLISI.

Nilicheka. Sijui kwa nini, nilicheka mpaka nikakohoa, naye akacheka akionyesha meno mabaya. Alikuwa mtu wa kwanza kwa miezi mingi kunipa habari nzima, na kungoja kuona kama nimeielewa. Kisha akaikumbatia cherehani yangu, akaing'oa kwenye meza yake.

"Hiyo ni ya kwangu," nilisema. "Ninakula kwayo."

Akaonyesha mlima. Akanionyesha mikono yangu. Kweli, nisingeweza kuibeba. Akapita nami langoni, akaniachia nitangulie kama mwungwana, akageukia kushoto na mimi kulia. Mungu ambariki mtu yule, na Mungu amvunje mkono.

Birere tupu sikuwahi kuiona na sitamani kuiona tena. Meza za biashara zimepinduliwa, kiatu kimoja cha mtoto, mbwa wamelala katikati ya barabara. Nilitembea nikipumzika kila kona mpaka nikafika barabara ya Sake, na huko ndiko watu wote walikuwa: mto wa magodoro, mbuzi, mikokoteni ya mbao, wazee wamebebwa migongoni. Kamio moja, yaani lori, ilikuwa imesimama ikipakia. Nikainua mkono. Waliokuwa juu wakaniona, wakaona barakoa na mifupa na ngozi iliyoungua, wakaanza kusema, na vidole vikainuka. Habari hiyo haikuhitaji masikio. Kamio ikaondoka.

Nikakumbuka herufi kubwa za daktari. Siambukizi mtu. Nikaivua barakoa ya mama mkwe, nikaitupa kwenye mtaro, nikajifunika kitenge mpaka kwenye macho kama mtu anayekwepa vumbi. Kamio iliyofuata ilinipandisha bila neno.

Juu, nilikaa kati ya gunia la maharage na mama mmoja mnene. Alinisemesha. Nikamwonyesha sikio, nikatikisa kichwa, nikangoja apunge mkono wa kufukuza nzi. Akaniangalia. Midomo yake ikasema "Ihangane", na nikajua ni wa kwetu Rutshuru, maana hiyo ndiyo pole ya Kinyarwanda, na hata kiziwi wa kwetu anaijua. Kuanzia hapo, kila kitu kilichotokea kwenye gari lile alinigusa goti, kisha akanionyesha. Gari linasimama: goti, anaonyesha askari. Maji yanapita: goti, anaonyesha kikombe. Mara moja watu wote walicheka, akanigusa goti, akanionyesha mbuzi aliyekuwa anakula kofia ya mtu. Hakuniacha nje ya hata jambo moja. Nilimwuliza jina, sikuweza kulisoma, na nilishuka bila kulijua.

Niliwakuta Sake katika uwanja wa shule, chini ya godoro lililosimamishwa kuwa kivuli. Deo aliniona kwanza. Akasimama, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Mama mkwe akapiga magoti akaanza kumshukuru Mungu, na naamini alimshukuru kweli. Nadine hakusimama. Nikainama, nikachukua simu yangu kutoka mapajani mwake. Hakuizuia. Nikasoma.

"Mama Sifa, gari ya malade itapita kwenu leo. Jitayarishe na dawa na mutu moja wa kukusaidia. Uko nyumbani?"

Na chini yake, jibu lililotoka kwenye namba yangu, kwa jina langu:

"Tulishatoka. Tuko salama bote."

Nikampelekea Nadine ile skrini usoni, kidole changu chini ya neno la mwisho. Akasema na kaka yake, si na mimi. Nikamwambia Deo: andika. Hakuwa na chaki, akaandika kwenye vumbi la uwanja kwa kidole. Kwamba alikuwa amepanga kurudi kunichukua. Kwamba barabara ilijaa, pikipiki zote zilikuwa zinakwenda upande mmoja. Kwamba kufuli ni kwa ajili ya wezi, kunilinda. Kwamba Nadine hakutaka watu wa kituo wapate taabu.

"Mbona hamkuniamsha?" nikasema. "Mbona hamkuniambia?"

Akasogea penye vumbi safi. Kisha akaandika, na hakuwa anataka kuniumiza. Alikuwa amechoka na alikuwa anasema ukweli:

"Kukueleza kungechukua muda."

Nilisoma. Nikafuta kwa kiatu, maana watu walikuwa wanapita na niliona aibu, kwa ajili yake.

Mji haukuungua. Moto ulibaki chini huko, na baada ya siku nyingi tukaambiwa turudi. Safari hii niliisoma habari hiyo mwenyewe, kwenye simu yangu, nikawaambia wao. Nilimaliza vidonge kiangazi kilipokuwa katikati, majivu bado yanaingia kwenye unga. Makohozi safi, picha ya kifua safi. Papa Jérôme alinirudishia kikombe changu, kimeoshwa. Ngozi imerudi karibu rangi yake. Masikio hayakurudi, na ukikutana na mtu anayekuambia yatarudi, mpe pole.

Sikumwacha Deo. Wengi wameniuliza. Nilichomwambia ni kwamba nyumba ile ina funguo mbili, na moja itakaa shingoni mwangu. Ananiona nayo hata tukienda misa. Alininunulia cherehani nyingine, nzito kuliko ile. Ukutani maandishi ya mwizi bado yapo. Mama mkwe alitaka kutundika Bikira Maria juu yake, nikamwambia atafute ukuta mwingine.

Wewe unayesimamia watu siku ya hatari, wa mtaa, wa kanisa, wa kituo, usitume habari kwa familia ukadhani imefika. Uliza nani ameshika simu. Usiamini kufuli. Ingia, gusa mtu goti.

Jumapili moja baada ya chakula, mama mkwe alikuwa amesinzia kwenye kiti ndani, Deo na Nadine wamelala vyumbani. Nilikuwa kwenye cherehani. Kitu kikaja kutoka chini, kirefu, si kama vile vidogo. Nikasimama. Ningeweza kwenda nje peke yangu; lango lilikuwa wazi na ufunguo ninao. Nilimtazama mama mkwe na mdomo wake wazi, na nitakwambia ukweli, nilijua neno gani lingenitosha kumwambia akifumbua macho.

Nikamgusa goti. Nikamwambia kila kitu: tetemeko linakuja, ni kubwa, simama, nishike hapa, tunapita mlangoni, kuna kizingiti. Nikawaamsha wale wawili kwa mikono yangu. Tulipofika uani, vigae viwili vya paa vilianguka pale penye kiti chake.

Walikaa uani mpaka jioni, majirani wakaja. Wakaanza kusimulia, wakawa wanatetemeka, kisha, kama watu wanavyofanya baada ya hofu, wakacheka. Mama mkwe alikuwa akisema, mikono inapaa, ananionyesha mimi, wote wananigeukia na kuangua kicheko. Nikasogea karibu.

"Mama, munasema nini?" niliuliza. "Mumesema nini juu yangu?"

Akanitazama kwa upole, machozi ya kucheka yangali machoni. Akanipiga-piga mkono.

"Haiko kitu," akasema.